Ukumbi wa Pool Wenye Mlango wa Nyuma

Ile siku Mzee Gwakisa alipoweka gololi katikati ya sakafu yangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Alikuwa amepiga magoti, suruali imeganda saruji, na kando yake umelala ule mpira wa maji aliokuwa akipimia usawa wa pande zote nne. Akaiachia gololi. Haikwenda kushoto wala kulia, ikatulia pale pale. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda ubishi, akajifuta mikono, akaomba maji ya kunywa.

Wewe Lusajo ulikuja Jumapili kutoka Mbeya, ukala wali wa mama yako ukashiba, ndipo ukasema unataka kurudi hapa Bujonde kufungua ukumbi wa pool. Meza tatu, hakuna pombe, hakuna muziki wa kupasua masikio, pool tu. Ukaomba ile nyumba ya barabarani ambayo Bibi Subilaga, jirani yetu, anahifadhia mpunga na kakao yake. Sikukujibu, ukaondoka umenuna. Najua ulidhani baba yako amekuwa mchoyo uzeeni. Sikuwa na uchoyo, nilikuwa na aibu. Nyumba ile niliijenga mimi, na niliijenga iwe ukumbi wa pool. Wakati huo ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Ujana wangu haukuwa na tofauti na wako. Nilikuwa nimeiona pool kule mjini Kyela, kwenye baa, meza imebanwa kati ya makreti na mlango wa choo, mtu akitaka kupiga lazima kwanza amwombe mlevi asogeze kiti. Nikajiambia, mchezo mzuri namna hii unastahili nyumba yake. Nikauza kakao ya misimu miwili, baba yangu akaniongezea ng'ombe mmoja akiwa haelewi hata anachangia nini, na nikamwita Mzee Gwakisa aje kujenga. Alikuwa rika la baba yangu, nyumba yake na yetu zimetenganishwa na migomba tu, na hapakuwa na fundi aliyemzidi kwa sakafu. Meza ya pool ni jiwe, mwanangu. Ikikaa upande, mpira unajiendea wenyewe, na wachezaji watakuita tapeli hata kama mwenye kosa ni ardhi.

Alipokuwa akichanganya zege alinihoji maswali yake, kwa sababu alikuwa mzee wa maswali.

"Humu utauza nini?"

"Mchezo tu, baba. Na soda."

"Sasa siku ya msiba utafanyaje?"

Nikamwambia nitafunga kama wengine. Unajua desturi yetu. Mtu akifariki hapa, jembe haliendi shambani na duka halifunguliwi mpaka azikwe. Hakuna anayetangaziwa, na hakuna anayeuliza.

"Haya, utafunga," akasema. "Lakini mwenye duka akifunga siku mbili, sukari yake inanunuliwa siku ya tatu. Mtu aliyekosa kucheza Jumamosi haji Jumapili kucheza mara mbili. Siku hiyo yako imekufa. Hesabu kwanza siku za kufunga, halafu ndiyo uhesabu za kufungua."

Nilicheka. Nikamwambia, baba, watu wa hapa hawafi kila wiki. Akanitazama, akaendelea na koleo lake. Baadaye aliona nimeacha nafasi ya mlango ukutani nyuma, akauliza wa nini. Nikasema wa kutolea takataka.

Niwe mkweli, maana sitaki ukasema mzee anakutisha bure. Ukumbi ulianza vizuri. Ulifunguliwa mpunga ukiwa umeshavunwa, vijana wana nafasi na wana kitu mfukoni, na walikuja kutoka Talatala, kutoka Katumba Songwe, wengine walivuka mto kutoka upande wa Malawi kwa sababu walisikia kuna meza zisizonuka pombe. Akina mama walinishukuru. Mmoja alinishika mkono njiani akasema, "Ndaga fijo, mwanangu, angalau sasa najua kijana wangu yuko wapi." Nilitembea kama mtu aliyeota mabawa. Nilidhani nimepata akili ambayo wazee wangu hawakuwa nayo.

Nilijifunza kitu kingine ambacho hujakisema katika mipango yako. Pool haiishi kwa wanaocheza. Inaishi kwa wanaosimama ukutani wakitazama, wakibisha, wakicheka mtu akikosa. Hao watazamaji ndio wachezaji wa kesho. Wakiondoka, wawili waliobaki mezani hujisikia wapweke, na hawamalizi hata mchezo.

Kisha masika yakaingia, na masika ya Kyela unayajua. Maji yalijaa mashamba yakapanda barabarani. Kile kitambaa cha kijani kikaota ukungu, mipira ikawa inakwenda taratibu kama inayobembelezwa. Na katika miezi hiyo, kama kawaida ya miezi ya maji na homa, misiba ikafuatana. Nilifunga. Nikafungua, nikafunga tena. Kila nilipofungua, wale wa mbali walikuwa wamepata mahali pengine, na wale wa ukutani walikuwa wachache zaidi. Ilinifika hapa. Nilianza kumkasirikia marehemu kabla ya kuuliza ni nani. Nasema haya nikiwa mtu mzima na bado nayaonea haya.

Nikaona dawa ni mashindano. Nikaalika timu kutoka Katumba Songwe ije ipambane na vijana wetu, zawadi ni beberu, Jumamosi. Nilizunguka wiki nzima nikitangaza. Kwangu Jumamosi ile ilikuwa ndiyo ya mwisho. Ikifana, ukumbi utapona. Isipofana, nimekwisha.

Jumamosi asubuhi nikiwa nafagia, baba yako mkubwa Asajile akaja amejifunga koti. Akasema Mzee Gwakisa ameamka akilalamika kifua, na sasa hivi amefariki.

Sikulia. Kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, ni beberu aliyefungwa nyuma ya nyumba. Nilikwenda msibani, nikampa pole mkewe, Mama Subilaga, huyu huyu ambaye leo unamwita Bibi, nikakaa kwenye benchi na wanaume kwa muda wa kutosha watu wanione. Vijana walikuwa wanagawana majembe ya kwenda kuchimba kaburi. Nikasema nakuja. Nikapita katikati ya migomba nikarudi ukumbini, kwa sababu wageni walikuwa wameshafika na wamesimama mvuani.

Mlango wa mbele niliufunga kwa kufuli, ili mpita njia aone nimefunga. Madirisha pia. Nikawaingiza kwa ule mlango wa takataka. Nikawaambia wacheze taratibu, wasishangilie. Niliona nimepata njia ya kutokosa huku wala kule. Mtu akiwa na shida hujiona mwerevu sana, mwanangu.

Ila mpira wa pool haujui kunong'ona. Ule mgongano wa kwanza wa kutawanya mipira unalia kama mbao imepasuka, na juu yetu kulikuwa na bati. Kule msibani kinamama wakilia kuna mahali sauti zinatua wavute pumzi. Niliambiwa baadaye kwamba katika kila kituo hicho, mipira yangu ilisikika. Mama Subilaga alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya mwili wa mumewe, na alisikia. Watu walimtazama. Alitazama chini.

Hakuna aliyekuja kunigombeza, na ningependa wangekuja. Aliyekuja ni baba yangu peke yake. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi ya ule mlango wa nyuma, akavua kofia akaiweka gotini, ametupa mgongo, anatazama upande wa msiba. Mvua ilikuwa inamnyea. Wachezaji walimwona. Mmoja akaegemeza fimbo ukutani, akatoka, akalazimika kumruka mzee. Akafuata mwingine. Hata wageni wale, ambao hawakumjua marehemu, walielewa. Mwisho nikabaki mimi na mpira mweupe umesimama katikati ya meza, haukwenda kushoto wala kulia.

Baba akasema, "Twende ukachimbe."

Tulipofika, kaburi lilikuwa limekwisha. Vijana wa rika langu walikuwa wamekaa pembeni, miguu yao na mikono yao imejaa udongo mweusi. Nilinyoosha mkono niombe jembe japo nisawazishe kingo. Walijibu salamu yangu vizuri, wakanisogezea nafasi ya kukaa. Jembe hawakunipa. Nilimzika aliyenijengea sakafu nikiwa na mikono misafi, na mwanangu, sijawahi kuona aibu kubwa kuliko ile ya kuwa msafi.

Baada ya hapo hakuna neno lililosemwa. Asubuhi nilisalimiwa "Ugonile" kama jana na juzi. Kanisani walinipisha nikae. Ila ukumbini hawakuja. Kijana wa hapa hakukanyaga tena, na yule mama wa ndaga fijo alipita upande wa pili wa barabara. Wa mbali walikuja wiki mbili tatu, wakakuta kuta hazina mtu wa kubisha, wakaacha. Meza zikaenda kwenye baa mjini. Moja niliiona miaka mingi baadaye, imebanwa kati ya makreti na mlango wa choo.

Ungedhani habari imeisha hapo. Mimi pia nilidhani.

Masika yaliyofuata baba yangu alifariki. Nilikaa ndani nikingoja adhabu. Nilijua watu watakuja kwa heshima yake, lakini niliamini kuna watakaochelewa, kuna duka litakalobaki wazi, na sikuwa na mdomo wa kulalamika. Nilikosea kuwadhania hivyo. Asubuhi ile ile barabara nzima ilifungwa. Wale wale waliokaa na udongo miguuni ndio waliochukua majembe yetu bila kuombwa. Na wa kwanza kuingia uani, kabla hata ya ndugu wa damu, alikuwa Mama Subilaga, kichwani ana mkungu wa ndizi na kwapani ana mkeka. Akakaa karibu na mama yangu wakalia pamoja.

Ndugu walianza kufika kutoka Tukuyu na mvua haikuwa inakatika. Uwanja ulikuwa tope, hapakuwa na pa kulaza watu. Mama Subilaga akanyanyuka akanifuata nilipokuwa nimejibanza.

"Nipe ufunguo," akasema. "Tufungue nyumba ya mume wangu, watu walale pakavu."

Nyumba ya mume wangu. Hakusema kwa hasira. Kwake ilikuwa hivyo tu, na mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nilimpa ufunguo. Akaifagia mwenyewe, akatandika majani ya migomba na mikeka, na waombolezaji wa baba yangu walilala siku zote za matanga kwenye sakafu ya Mzee Gwakisa, kavu, iliyonyooka, hakuna hata mmoja aliyeamka na maji mgongoni. Siku ya kutawanyika alitaka kunirudishia ufunguo. Nilishindwa kuupokea. Nikamwambia akae nao, aweke mpunga wake. Amekaa nao mpaka leo. Ule mlango wa nyuma niliuziba kwa tofali mwenyewe wiki ile ile, na kama umewahi kushangaa kwa nini ukuta ule una kiraka kibaya, ni kwa sababu mimi si fundi.

Sasa nijibu swali lako. Je, ukumbi wa pool peke yake unaweza kusimama hapa? Mimi naona hapana, na sitakudanganya ili uondoke unatabasamu. Utajaa wakati wa mavuno, utapwaya wakati wa masika, na kila msiba utakula kipande chake. Baa inavumilia kwa sababu watu wakitoka kuzika wanaweza kwenda kunywa. Hakuna mtu anayetoka kuzika akaenda kucheza. Kama bado unataka, basi usiache shamba, ili siku ukifunga mlango ule uwe na pengine pa kula. Usinunue meza tatu, nunua moja. Weka mabenchi mengi ukutani kuliko unavyodhani yanahitajika. Na ukisikia kilio, usingoje kuuliza ni cha nani. Funga, chukua jembe, uwe wa kwanza kuchafuka. Mteja aliyekukuta kaburini atakuja ukumbini. Anayekukosa kaburini hatakuambia kitu, na hapo ndipo utakapojua umekwisha.

Ndugu zako na vijana wenzako wa rika hili, waambie pia. Siwakatazi biashara. Nawaomba msijenge kitu ambacho hakiwezi kufungwa.

Kiwanja nimekupa. Ila ufunguo sina. Nenda kwa Bibi Subilaga, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo jitaje jina na umtaje na baba yako, usinifiche. Keti chini, mweleze unataka kuweka nini kwenye sakafu ya mumewe. Akikataa, shukuru uondoke, turudi kwenye kakao. Akikubali, mwanangu, Mungu akujazie ukumbi watu mpaka wasimame nje. Akupe na moyo wa kuwatoa wote, bila kinyongo, siku kilio kitakaposikika upande wa pili wa migomba. Na hata siku kilio hicho kitakapokuwa changu.