Gari la Moshi Katika Safu ya Nne

Kwa miaka kama mitano ya ujana wangu niliamini, kwa moyo wote na mifupa yote, kwamba honi ya gari la moshi huua watoto wachanga.

Msinicheke kabla sijaeleza. Hoja yenyewe ilikuwa imepangwa vizuri kuliko hoja nyingi ninazosikia redioni. Chuma huita chuma. Mtoto akikatwa kitovu kwa kisu, chuma kimemwonja, na ladha hiyo hukaa mwilini wiki nzima ya kwanza. Sasa gari la moshi likipita likipiga honi, chuma kikubwa kinaita chuma kidogo, na taya za mtoto zinajifunga pap, kama kulabu za mabehewa. Hafungui tena. Mimi sikuishia kuamini tu. Nilifundisha. Niliwaeleza watu wa soko la Emali, nikawaeleza watu wa Kathonzweni nilipoenda kununua mbaazi, na kama ningepata nauli ningefika Mombasa kumweleza dereva mwenyewe.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya reli, upande wa Makindu, siku ambazo Makueni haikuwa wilaya na sote tulihesabiwa watu wa Machakos. Treni ilipita mchana na usiku, na ikipita vikombe vilicheza kabatini kama vimealikwa harusi.

Wala usidhani tulikuwa wajinga wa kutunga tu. Tulikuwa tumeona. Mtoto aliyezaliwa mzima, ananyonya kama ndama, siku ya tano au ya sita anashindwa kushika titi. Mdomo unakaza. Ngumi zinakunjwa. Treni inapita, honi inalia, na papo hapo mgongo wake unapinda kama upinde. Niliona kwa macho yangu kwa dada yangu, yule anayenifuata. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi. Mtu akishaona kitu kama hicho, utamwambiaje kwamba si honi?

Dada yangu alizika wa kwanza hivyo. Akazika wa pili hivyo hivyo. Mtoto mchanga kama huyo kwetu hakuwa na matanga. Anazikwa karibu na nyumba, wanawake wachache wanakaa na mama, na baada ya siku mbili tatu unamwona tena na jerikeni mgongoni. Hata mtu akiuliza una watoto wangapi, hao hawatajwi. Mama mkwe wake alikuwa ameanza kusema yale ambayo mama wakwe husema, kwamba kuna matumbo yasiyoweka kitu duniani. Na wa tatu alikuwa tayari tumboni, mimba ya miezi sita.

Wakati huo mimi nilikuwa fundi baiskeli mchana na msomi jioni. Nilijiunga na ngumbaru nikiwa na ndevu kamili, nikahitimu nikiwa na elimu ya kujaza lori. Cheti changu nilikitundika juu ya kitanda, na mke wangu akasema kimechukua mahali pa taa. Kijiji kizima kikaniita Karani. Kwa hiyo kamati ya afya ilipoundwa na kutafuta mwandishi, hata hawakupiga kura. Nilipewa daftari kubwa, na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu.

Aliyeanzisha kamati ni nesi mpya wa dispensari, mwanamke mwembamba mwenye miguu ya kutembea. Tulimwita Sista. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuuliza. Angekuta mbuzi amelala angeuliza amelala tangu lini. Alitaka tukae pamoja, akina mama, wazee, mkunga, na naibu wa chifu akipenda, tuzungumze juu ya kila mtoto aliyekufa kabla ya kutimiza mwaka. Mmoja mmoja. Siku kwa siku. Watu wakaguna. Nani anafukua mambo kama hayo? Lakini walikuja, wakajaa kanisani mchana mmoja wa Jumatano, maana hata waliokataa walitaka kusikia waliokubali watasema nini.

Sista aliweka sheria moja. “Hapa tunauliza nini kilitokea. Hatuulizi ni nani. Atakayemnyooshea mwenzake kidole, ataenda mtoni kuchota jerikeni ya maji ya dispensari.”

Na mto wetu, kwa wasioujua, ni mchanga mtupu. Maji unayachimba kama mwizi.

Alinichorea safu nne daftarini. Ya kwanza, mama ni nani, kwa sababu wengi wa watoto hao hawakufika kupewa jina. Ya pili, siku gani mtoto aliacha kunyonya. Ya tatu, kilichoonekana. Ya nne, sababu. Safu tatu nilijaza nikisikiliza. Ya nne niliijaza mapema, kwa kalamu nyekundu, kuokoa muda.

Sijawahi kusikia kanisa likinyamaza vile, hata kwenye maombi. Mama mmoja alisema mtoto wake aliacha kunyonya siku ya saba. Mwingine, siku ya tano. Mwingine alianza, akasimama, akasema atamaliza baadaye, na hakuna aliyemharakisha. Dada yangu alipoinuka alishika ubao wa benchi la mbele.

“Wa kwanza alikuwa msichana,” akasema. “Siku ya sita asubuhi alinitazama kama anataka kuniambia kitu, na mdomo ukakataa.”

Ndugu zangu, mimi nilimjua dada yangu tangu tunagombania ukoko, na sikujua alikuwa amehesabu siku.

Ndipo Sista akamgeukia mkunga wetu. Huyu tulimwita susu, yaani nyanya, na alistahili, maana nusu ya watu waliokuwa mle ndani walipita mikononi mwake, mimi nikiwa mmoja.

“Susu, tusaidie. Mtoto akishatoka, wewe hufanya nini?”

Susu akaeleza kwa fahari. Anakata kitovu kwa kisu chake alichorithi kwa mama yake. Anakifuta kwanza vizuri kwa leso. Kisha anapaka kitovu vumbi la samadi ya ng’ombe, ile iliyokauka kabisa, ili kinyauke haraka.

“Na kisu hicho kina kazi nyingine?”

“Kisu hakilali njaa, mwanangu. Kinakata katani. Kinachuna mbuzi.”

Nikaruka kutoka kitini. “Hapo hapo, Sista! Kisu! Chuma!” Nikamweleza yote, mwito wa chuma, ladha, kulabu za mabehewa. Nilieleza kwa ufasaha uliotosha kulitoa jiwe machozi.

“Karani,” mzee mmoja wa nyuma akaita, “hiyo ngumbaru yako ilikuwa ya masomo au ya kaluvu?” Kaluvu ni pombe yetu ya asali, na kanisa zima likacheka.

Sista hakucheka. “Umeandika nini kwenye safu ya nne?”

“Gari la moshi.”

“Mistari yote?”

“Yote.”

“Na yule mtoto wa mwenye duka? Wao wanakaa nyuma ya kilima cha pili.”

“Honi hupanda mlima,” nikajibu. Na kwa kuwa nilikuwa nimepamba moto nikaongeza, “Nani hapa hajui kwamba ni dereva wa ile ya saa nane?”

“Nani,” akarudia Sista taratibu. “Karani, jerikeni iko nje.”

Nilichimba mchanga ule mpaka karibu nione upande wa pili wa dunia. Niliporudi, jasho likinitoka hadi kwenye viatu, watu wengi walikuwa wametoka nje kunyoosha miguu. Sista na susu walikuwa wamekaa benchi moja, goti kwa goti, na kile kisu kikiwa katikati yao kimefungwa ndani ya leso. Walikuwa wakizungumza chini chini. Susu alikuwa anafuta macho. Nikadhani ni moshi wa jikoni, ingawa kanisa halikuwa na jiko.

Mkutano uliporudi, Sista alinisomea mambo matatu ya kuandika. Wajawazito wote waje kudungwa sindano dispensari. Kila uzazi, wembe mpya na uzi, vyote vichemshwe. Kitovu kisipakwe kitu chochote, kiachwe kikauke chenyewe.

“Na treni?” nikauliza.

“Iache hapo kwanza,” akasema. “Tutairudia.”

Nilifurahi. Niliona nimeshinda, na yale matatu ni nyongeza tu ya serikali. Dada yangu alidungwa sindano ya kwanza wiki ile, na ya pili baada ya mwezi mmoja. Nilimbeba kwa baiskeli mara zote mbili, nikitafuta njia ndefu iliyo mbali na reli.

Lakini ule wembe haukunipa usingizi. Wembe nao si chuma? Mpya ndio mbaya zaidi, bado unang’aa! Nikaamua kumwokoa mpwa wangu kwa elimu yangu mwenyewe. Nilikata bua la mtama, nikalipasua, nikachonga kibanzi chenye makali ya kunyoa ndevu, na nikakihifadhi mahali pakavu kuliko pote katika boma langu, yaani chini ya paa la banda la mbuzi, juu kidogo ya mavi yao. Siku zilipokaribia nilimpelekea susu kikiwa kimefungwa kwenye karatasi ya sukari.

“Susu, nakuomba. Usimguse mtoto wa dada yangu na chuma.”

Alikigeuza kibanzi huku na huku. Alikinusa. “Umechonga vizuri, mjukuu wangu,” akasema, na akakitia kwenye kikapu chake, kando ya pakiti ya wembe. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Dada yangu alishikwa na uchungu asubuhi moja baada ya chai. Mimi na mume wake, ambaye kwa bahati yetu mbaya alikuwa kibarua wa hiyo hiyo reli, tulikaa nje tukitazama mlango. Susu alitoka mara moja akachochea moto chini ya sufuria. Baadaye tukasikia kilio, kidogo, halafu kikubwa. Msichana.

Susu alipotoka kunawa mikono nilimnong’oneza, “Umetumia kile?”

“Nimekitumia.”

“Kimekata vizuri?”

“Kimewaka vizuri,” akasema. “Ndicho kilichochemsha maji ya wembe.”

Nilikaa chini. Treni ya mchana ikapita wakati ule ule, mtoto akiwa hajamaliza saa mbili duniani, na dereva, kama aliyetumwa, akabonyeza honi mpaka kuku wakakimbia.

Sasa ilibaki pamba. Nilinunua pamba dukani, nikaingia kumsalimu mzazi, nikaiweka mwenyewe kwenye masikio ya mtoto, taratibu sana. “Usiitoe kabla ya wiki mbili,” nikamwambia dada yangu.

Siku ya tano nilifunga kazi mapema. Siku ya sita sikufungua kabisa. Niliwakuta wote wamekusanyika bila kualikana, mume wake, mama mkwe, susu, wote wanajifanya wana kazi pale. Mama mkwe alikuwa anapepeta mahindi yaliyokwisha pepetwa. Dada yangu alikaa kwenye kigoda na mtoto kifuani, na hakuna aliyesema tunangoja nini.

Honi ilianza mbali, ikaja, ikajaa nyumba. Vikombe vikacheza. Nilimtazama mtoto hadi macho yakauma. Mkono mmoja ulishtuka kidogo, vidole vikafunguka, vikashika nguo ya mama yake. Na mdomo haukuachia titi. Alinyonya treni ilipokuwa inakuja, akanyonya ilipokuwa inapita, na ilipokwisha tulikuwa tunasikia sauti yake ya kumeza tu. Mama mkwe aliweka ungo chini. Dada yangu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mimi, msomi wa kijiji, nikatoka nje kutazama baiskeli yangu kama ina pancha.

Mtoto alipotimiza wiki sita tulimpeleka kliniki. Foleni ilikuwa ndefu, na mbele ya wanawake wote nikaona ni wakati wa kutoa taarifa. “Sista, andika kwamba dawa ni pamba. Nimemziba masikio kwa mikono yangu, na treni haikumpata.”

“Pamba gani?” dada yangu akasema. “Niliitoa kabla hujapanda baiskeli. Niliisugulia kioo cha taa.”

Wanawake wakacheka hadi mmoja akashikilia ukuta. Nikangoja wamalize. “Basi treni imetuhurumia,” nikasema. “Mwaka huu tu.”

Sista akafuta mikono, akaniambia nifungue daftari kwenye ule ukurasa mwekundu.

“Siku ile niliacha gari la moshi libebe lawama,” akasema kwa sauti ya chini, “kwa sababu lina nguvu za kubeba. Susu hana. Ningesema kisu mbele za watu, angekimbia na kisu chake, na dada yako angezalishwa na nani? Leo susu mwenyewe ndiye anayewafundisha wenzake. Kwa hiyo futa.”

“Nikifuta, niandike nini?”

“Karani, mimi nimezaliwa Kitui. Kule kwetu hakuna reli, wala hatujawahi kusikia honi yake. Mama yangu alizika wawili, wote walifunga taya kabla ya wiki kwisha. Ugonjwa ni pepopunda. Unaingilia kitovuni, kwa kisu kichafu na mavi ya ng’ombe. Andika hivyo.”