Volti za Mjomba Paskali

Wiki iliyopita, pale Bonga, nilimsikia fundi mmoja akimwahidi mteja kwamba ataiongezea kompyuta yake kasi kwa kupandisha umeme wa prosesa, ule ubongo wa mashine. Nikamkumbuka mjomba Paskali.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa na kompyuta moja tu dukani kwetu Bagara. Alichapa barua za watu na mitihani ya shule, na ndiyo iliyotulisha. Mchana mmoja mjomba aliingia na miwani ya jua, wala hakuivua.

"Dada, mashine yako inatambaa. Ngoja niiamshe."

Akafungua mipangilio, akapandisha volti za prosesa hadi moja nukta saba.

"Haitaungua?" mama akauliza.

Akacheka. "Nyie wanawake mnaogopa hata namba!"

Mimi nilidhani volti ni kama sukari kwenye chai, ukizidisha inanoga tu. Feni ilipoanza kuunguruma, nilipiga makofi. Kisha ikaja harufu ya plastiki inayoungua, kioo kikawa cheusi, na kompyuta haikuwaka tena.

Leo mimi mwenyewe ni fundi. Prosesa ile haikupaswa kuvuka moja nukta nne, na kikomo hicho kilikuwa kimeandikwa kwa yeyote anayejua kusoma. Mjomba alijifuta mikono tu, akasema, "Mashine yenu ilikuwa dhaifu," halafu akauliza kama kuna chakula.

Mama alimpakulia. Kesho yake shuleni niliwatangazia wenzangu kwamba mjomba wangu ana ujuzi mwingi mno, mpaka kompyuta imeshindwa kuubeba.