Mfalme Aliyekwama Mbele ya Maikrofoni

Watu mia mbili walisimama kimya wakimtazama mfalme anavyohangaika na neno moja, na wote walidhani anaigiza.

Mimi nilijua jamaa amekwama kweli.

Naitwa Wilf, mwoka mikate wa mji wa Halifax, na nina kigugumizi tangu nianze kuongea. Watu wa filamu walinifuata nimfundishe mwigizaji wao, Julian Thackray, kigugumizi cha mfalme wa zamani. Nilicheka mpaka machozi. Kumbe nacho kina mwalimu.

Tukafanyia mazoezi jikoni kwangu, chai mezani. Alishika haraka mno.

"Mwalimu, n-naenda vizuri?"

"V-vizuri mpaka unanitisha."

Alicheka, lakini akaniuliza mara mbili kama siku ya kurekodi nitakuwepo. Sikutilia maanani.

Ikafika siku ya kurekodi hotuba ya redioni, mfalme mezani mbele ya maikrofoni na ukumbi umejaa watu. Filamu ilitaka mfalme akwame kidogo mwanzoni, kisha maneno yatiririke. Ukumbi tulikuwa nao asubuhi ile tu, mchana kuna harusi ya watu. Mwongozaji wa filamu, Philippa, hakuwa na masihara.

"Kamera zikiwaka, hakuna kukohoa mpaka niseme 'kata'. Atakayetoa sauti aende kwao na asirudi. Wilf, nakuangalia wewe."

"N-nimekusikia, bosi."

Julian akaanza.

"Watu w-w-w..."

Kimya. Shingo imemvimba, midomo imegoma.

Philippa akatabasamu. Mama mmoja akafuta machozi kwa kitambaa. Sisi Waingereza bwana, mtu akizama mbele yetu bila kelele tunamsifu kwa adabu yake.

Lakini yale macho nayajua. Nayaona kwenye kioo changu nikinyoa ndevu.

Nikisema neno, kibarua kimeota nyasi na hotuba imeharibika. Nikinyamaza, yule bwana anavunjika pale pale, na hatainuka tena. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi.

Sasa, sisi wenye kigugumizi tuna siri moja: tukisema pamoja na mwenzetu, ulimi hufunguka. Na hotuba ile niliijua yote.

Nikatoka nyuma ya pazia nilikokuwa nimesimama.

"Watu wangu, leo nazungumza nanyi nikiwa na moyo mzito..."

Julian akainua kichwa, akaidaka. Tukaenda pamoja mpaka mwisho. Sikukwama hata mara moja, kitu ambacho hakijawahi kunitokea mbele za watu.

"Kata," Philippa akasema. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikachukua koti langu.

Julian akanikuta mlangoni.

"Mwalimu, s-subiri. Kigugumizi hukunifundisha wewe. Ninacho tangu utotoni. Nikiigiza mtu mwingine kinapotea, ndiyo maana nikawa mwigizaji. Safari hii wamenipa nijiigize m-mwenyewe. Niliomba waniletee mwalimu mwenye kigugumizi kwa sababu niliogopa changu kitarudi."

Nikaachia kitasa cha mlango. Kumbe mwanafunzi wangu alikuwa mwenzangu.

Philippa alikuwa nyuma yake, amesikia yote.

"Wilf, vua koti," akasema taratibu. "Ingia chini ya meza ya mfalme, useme naye bila maikrofoni kukusikia. Tunarudia kabla maharusi hawajafika."

Ukiiona ile filamu, utamwona mfalme anahutubia kama maji. Tazama mkono wake wa kushoto, haupo mezani. Nilikuwa nimeushika mimi, nimepiga magoti, natamka naye kila neno bila sauti.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukimkuta mtu amekwama, usimmalizie sentensi, wala usimpigie makofi. Sema naye.