Magurudumu ya Kuja

Niliondoka Chimwaga, hapa Dodoma, kwa sababu mbili, na hadi leo sijui ipi ilikuwa ya kweli. Ya kwanza ni simu ya Mama Yona, jirani wa shangazi yangu Foibe kule Haneti. Alisema, "Foibe anauliza kama umezikwa, maana ungekuwa hai ungekuja." Ya pili ni magurudumu ya baiskeli.

Mimi ni mtunza bustani kwenye chuo, na shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Baiskeli yangu ni ya gia, ya kupandia milima, niliuziwa na mwanafunzi aliyemaliza masomo. Magurudumu yake ya mwanzo yalikufa kwa mawe, nikawekewa ya chuma yenye spoku nene, kama yale ya wabeba mkaa. Yanabeba chochote. Lakini ukiyaendesha ni kama unamburuta ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani, na goti langu la kushoto limeanza kukataa. Ndiyo maana nilikuwa sijafika Haneti tangu mavuno ya mwaka uliopita. Angalau hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Jioni ya kabla ya safari nilipita mtaa wa Majengo, kwa Fundi Shabani wa baiskeli. Alikuwa na magurudumu mawili ya aluminiamu, mtumba, mepesi hata unaweza kuyanyanyua kwa kidole.

"Haya yatafika Haneti, fundi?"

"Yatafika kabla yako."

"Na mzigo?"

"Mzigo gani tena? Haya ni ya mtu na chupa yake ya maji. Mwenye mzigo apande basi." Akanitazama goti. "Nenda nayo uyajaribu. Ukirudi utaniambia unabaki nayo au nakurudishia vyuma vyako. Ukiyapinda, ni yako, hatuna tena mazungumzo."

Akafungua na keria ya nyuma, ile ya kufungia mizigo, kwa kuwa haikukaa vizuri na magurudumu yale. Ya kwangu ya zamani akayatundika kwenye msumari juu ya kibanda. Nilijua kwamba kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na kwamba shangazi kila mwaka hunifungia mtama. Ila mwaka huu mvua ilikatika mapema. Nikajiambia, mwaka wa njaa hauna mzigo.

Alfajiri nilitoka na upepo ule wa kiangazi unaotia mchanga kwenye meno. Lazima niyatendee haki magurudumu yale: yalikwenda. Kwenye lami sikusikia goti kabisa. Lami ilipoisha, kwenye vumbi jekundu, yaliteleza kidogo mchangani lakini yalipanda vilima ambavyo siku zote navipanda kwa miguu. Ningefurahi, kama si mashamba. Kushoto na kulia mabua ya mtama yalisimama mafupi, bila vichwa, mengine yameshalishwa mbuzi.

Mchana niliomba maji kwenye tembe moja kando ya njia. Mzee mwenye nyumba alikuwa akiziba boma la ng'ombe kwa matawi ya miiba. Nikamwamkia, akaniletea maji kwenye kata.

"Unatoka wapi na kidude hicho?"

"Chimwaga, mzee."

"Unawapelekea nini watu wako?"

"Sukari na sabuni, ziko kwenye mkoba."

"Na utarudi na nini? Sioni mahali pa kufungia."

"Nakwenda kusalimia tu."

Akacheka, akamgeukia mkewe ndani. "Mama! Njoo umwone mtu anayekwenda kusalimia tu!" Nami nikacheka. Nadhani sikuwa nimeelewa kwamba hakuwa anatania.

Jioni niliingia Haneti. Shangazi Foibe alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akichambua mlenda juu ya ungo, uso ameuelekeza kwangu, lakini hakusema neno mpaka kivuli changu kilipomwangukia. Akashtuka, ungo ukamwagika.

"Nani? Nani ananinyemelea?"

"Ni mimi, shangazi. Shikamoo."

"Si wewe. Baba hanyemelei. Baba akija nasikia chuma chake tangu korongoni, kama gari la kreti za soda."

Huniita baba kwa kuwa nimepewa jina la baba yake. Ilibidi anishike uso kwa mikono yote miwili ndipo aitikie marahaba. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Mwaka uliopita ulikuwa kwenye jicho moja tu.

Usiku huo tulikula ugali wa uwele na mlenda. Nilimwuliza habari za shamba. "Tumepata cha ndege," akasema, "na ndege wametuachia kidogo." Nikamwuliza hospitali ya macho. Akasema hospitali iko palepale, haihami. Nilitaka kumwambia nitampeleka, kisha nikakumbuka kwamba keria nimeiacha Majengo, nikamega ugali. Sijui kwa nini sikufikiria basi. Mtu ukizoea kufikiria kwa baiskeli, unafikiria kwa baiskeli.

Siku ya kuondoka, baada ya chai, nilikuta gunia mlangoni. Halikuwa limejaa, lilifika kwenye kiuno cha gunia, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Mtama mweupe, umepepetwa safi. Mama Yona alikuwepo, amekuja kuniaga.

"Shangazi, mwaka huu hapana," nikasema. "Huu ndio chakula chako."

"Chakula changu nimekiona. Huu ni wako. Funga."

"Magurudumu niliyokuja nayo hayabebi."

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka ilipo baiskeli. Akashika ringi, akapitisha vidole kwenye spoku moja baada ya nyingine kama mtu anayemchana mtoto nywele. Akapapasa nyuma ya siti, palipokuwa na keria. Hapakuwa na kitu.

"Haya ni magurudumu ya kuja," akasema. "Ya kuondokea umeyaacha wapi?"

Mama Yona akaangua kicheko. "Ya kuondokea yako Dodoma, Foibe! Mjini watu wanaondoka na simu mkononi, basi."

Shangazi hakucheka. Alikaa chini, akafungua gunia, akaanza kupunguza mtama kwenye ungo. "Hivi je?" Nikanyanyua, nikasema bado ni mzito. Akapunguza tena. "Na hivi?" Niliona aibu, lakini niliona pia ungo ukijaa, na nikafikiri, huo atakula yeye, ndiyo haki. Nilikuwa na haki ya kufikiri hivyo. Bado nadhani nilikuwa nayo. Mwishowe akanipa fundo moja kwenye kitambaa, la kujaa viganja viwili, nikalitia mkobani. Halafu akarudisha mtama wote kwenye gunia, akalifunga upya, akajitwika kichwani.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nakusindikiza."

Tulipita katikati ya kijiji, mimi nikikokota baiskeli isiyo na kitu, yeye nyuma yangu na gunia, mkono mmoja kwenye siti yangu ili asipotee njia. Watu walitoka. "Foibe, mgeni anaondoka?" "Anaondoka," akajibu kwa sauti kubwa, "na mzigo wake ndio huu!" Mwanamume mmoja akasema, "Mbona unaubeba wewe?" Akajibu, "Namsaidia mpaka korongoni, pale pana mchanga."

Korongoni, pale ambapo njia inashuka na nyumba hazionekani tena, alitua gunia. Akaketi juu ya mchanga mkavu, akanyoosha miguu.

"Haya, nenda baba. Wameona."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa mpaka giza liingie, ndipo nirudi nao. Nikirudi sasa watauliza mgeni amekataa nini."

"Utarudije gizani?"

"Kwangu giza ni lipi tena?"

Nilipanda baiskeli. Hili naliandika kama lilivyokuwa: nilipanda, nikaendesha, nikapanda ukingo wa pili wa korongo kwa urahisi mno, maana magurudumu yalikuwa mepesi. Juu nikageuka. Alikuwa ameketi vilevile, mgongo umeegemea gunia, uso kuelekea kijijini, akisikiliza kama kuna mtu anakuja.

Nikashuka, nikarudi. Aliposikia hatua akalifunika gunia kwa khanga.

"Ni mimi," nikasema. "Mzigo nitautembeza kwa miguu."

"Magurudumu ya watu yatapinda."

"Yapinde."

Tuliufunga kwenye fremu, kati ya siti na usukani, kwa ile kamba ya mkonge na mkanda wangu wa suruali. Yeye ndiye aliyekaza mafundo. Safari hii nilimwona akitangulia kuondoka, tawi kavu aliloliokota korongoni likiwa fimbo mbele yake, mabega yamenyooka, mpaka akapotea upande wa nyumba.

Njia ya kurudi sina mengi ya kuisimulia. Nilitembea. Ukikokota mzigo mbele ya goti, kila hatua unapigwa. Mchangani magurudumu membamba yalizama, nikawa navuta kinyumenyume. Nililala kwa yule mzee wa tembe. Aliponiona na gunia hakucheka tena, alimwambia mkewe aongeze maji ya ugali. Kazini nilichelewa, mwenzangu akamwagilia bustani zangu, na alikuwa na haki ya kununa, akanuna.

Majengo nilifika nikichechemea. Fundi Shabani alizungusha gurudumu la nyuma, likagusa breki kila mzunguko.

"Limepinda. Umelipakia?"

"Nimelitembeza na mzigo."

"Kutoka Haneti?" Akatazama miguu yangu, halafu msumari pale juu. "Nilikwambia upande basi."

Ni kweli aliniambia. Magurudumu nayo hayana kosa, yalifanya kazi yake, mimi ndiye niliyeyapa kazi isiyo yao. Yakawa yangu kama tulivyopatana. Yako chini ya kitanda. Nikamwomba anirudishie yale ya chuma, na keria yake.

Juzi nilimpigia simu Mama Yona aniunganishe na shangazi. Nikamwambia mtama tunaula. Akauliza baiskeli ikoje. Nikasema nimerudisha vyuma.

"Basi vizuri," akasema. "Jicho la pili nalo limefunga. Ila korongoni nitakusikia."

Goti bado limevimba. Kila asubuhi nalikunja nione kama limekubali, na bado. Nilichojifunza sijui kama kina faida kwa mwingine: nilikuwa napima safari kwa uzito wa kwenda, na wa kurudi sikuutia hesabuni. Haneti sijakwenda. Baiskeli imeegemea ukuta wa chumba changu, na mtu akipita akaigusa, keria inagonga, nami naamka nikidhani nimeshafika.