Salamu za Karani Erastus

Miaka ile bendera ingali mpya, Erastus alikuwa na meza yake kwenye baraza la duka la nguo mjini Kakamega, na juu ya meza taipu yake. Aliwaandikia wafanyabiashara na wakulima barua za kwenda kwenye makampuni. Walimwita Karani, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kumwajiri.

Sifa yake ilikuwa salamu. Kwetu mtu haingii bomani kwa mwenzake akaanza kulia shida mlangoni. Ataketi kwanza, ataulizwa habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Shida itatoka wakati wa kuaga. Basi Erastus naye alizipitisha barua njia hiyohiyo. Ukurasa mzima salamu na shukrani, haja yenyewe kule nyuma, chini kabisa. Wateja wakisomewa walifurahi. "Huyu ana adabu," walisema.

Wakati wa mavuno akaja Philemon wa Malava na mkewe Nanjala. Walikuwa na mashine ya kusaga mahindi, waliyonunua kwa kampuni moja ya Nairobi.

"Karani, gurudumu la ukanda lina ufa," Nanjala akasema. Yeye ndiye aliyesimama pale kutwa akimwaga mahindi. "Linalia. Mimi naogopa. Waambie watuletee lingine."

"Si mngeizima kwanza?"

"Tuizime watu wale nini?" Philemon akadakia. "Laini ya wateja imefika barabarani. Wewe andika tu, na uandike vizuri."

Akaandika vizuri. Akaishukuru kampuni kwa mashine iliyoleta obusuma, ule ugali wetu, laini Malava nzima, akawaombea afya wao na jamaa zao. Ufa ukaja mwisho, kama mtu anayekohoa nje ya mlango.

Nanjala aliposomewa akakunja uso. "Na kuogopa kwangu kuko wapi?"

"Mama, wakubwa hawapigiwi kelele."

Jibu halikukawia, na kalenda ndani yake. Kampuni imefurahi sana kusikia mashine inawaridhisha wateja wake. Ingependa kuitia barua hiyo kwenye matangazo yake. Gurudumu, hata neno.

"Karani, umewapaka mafuta mpaka wakalala!" Philemon akacheka, na Erastus akacheka pia. Akaanza kuandika nyingine, akianza na asante ya kalenda. Ilikuwa bado iko kwenye taipu gurudumu lilipopasuka. Kipande cha chuma kikampata Nanjala, na kule hospitali ya Mukumu wakamkata mkono wa kulia.

Erastus alimwendea na ndizi. Akamkuta amegeukia ukuta.

"Pole sana, mama. Watoto hawajam—"

"Acha watoto. Una karatasi?"

Alikuwa nayo.

"Andika hivi. Gurudumu lenu limepasuka likanitoa mkono. Zimeni mashine zote za namna hiyo leo, mzibadilishe. Basi."

"Bila hata salamu?"

"Karani, kuna mwanamke mwingine amesimama mbele ya mashine kama ile. Ukikaa kumsalimia huyo bwana, utamkuta mwenzangu hapa kitandani."

Akaandika hivyo hivyo. Fundi wa kampuni akaja mbio, akazunguka Malava na Matungu akibadilisha magurudumu. Nanjala akarudi nyumbani kujifunza kusonga ugali kwa mkono mmoja.

Toka hapo Erastus aliweka haja mstari wa kwanza. Majibu yalikuja, lakini wateja wakapungua. "Hii ni barua ama ni kesi?" waliuliza, wakavuka barabara kwa kijana mmoja aliyejua kupamba barua. Hakuwabishia.

Wa mwisho alikuwa mzee Barasa, aliyeuziwa mbegu zisizoota.

"Mwanangu, hata hamjambo huwezi kuwaambia?"

"Siwezi, mzee."

Mzee akaikunja ile karatasi polepole, akaiacha mezani, akavuka.