Nilichagua hub motor ya mbio, mama mkwe akapanda mlima kwa miguu

Wakuu, habari za leo. Na kwa wale wachache walionizidi umri humu ndani, shikamoo.

Ninachoandika kilinipata mwenyewe. Nimemsomea mke wangu chote kabla ya kukiweka hapa. Amenisahihisha sehemu moja, mengine amesema ndivyo yalivyokuwa.

Kilichonisukuma ni uzi wa kijana mmoja wiki iliyopita. Aliuliza achukue hub motor gani, yaani ile mota inayokaa katikati ya gurudumu, na kontrola gani ya kuigawia umeme, ili ageuze baiskeli yake iwe ya umeme. Majibu yalifika kurasa tatu. Wati ngapi, volti ngapi, inakimbia kiasi gani.

Hakuna aliyemuuliza baiskeli itabeba nani.

Mimi niliulizwa swali hilo, nikalijibu vibaya.

Ilikuwa Mwanza, miaka ya tisini. Biashara zimefunguliwa, mitumba ya kila aina inaingia, viwanda vinapunguza watu. Nilikuwa fundi umeme wa kiwanda mpaka siku jina langu lilipobandikwa kwenye ubao pamoja na wenzangu. Nikafungua kibanda Mkuyuni, nikawa natengeneza redio na kurudishia koili za mota zilizoungua.

Kidato cha nne nilimaliza na fizikia nilifaulu. Nasema hivi ili mjue kosa langu halikutokana na kutojua.

Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikaa hapo hapo Mkuyuni, juu kwenye mawe, kuna njia inayopanda kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu. Mwaka mmoja aliteleza na ndoo ya maji kwenye njia hiyo, goti la kulia likaharibika. Baiskeli aliendelea kuendesha kwenye tambarare. Akifika kwenye mlima anashuka, anasukuma.

Mama yake alikaa ng'ambo ya ziwa, si mbali na kivuko cha Kamanga. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia matone yasikatike hata siku moja, na kila mwezi avuke aje kupimwa na kuchukua chupa nyingine. Akipimwa analala kwetu siku mbili, kisha anarudi kwake.

Sasa hapa wale wa kwetu Usukumani mtanielewa haraka kuliko wengine.

Gari lilimtapisha, kwa hiyo hakupanda gari. Baiskeli ya kukodi aliikataa, hakutaka kushika kiuno cha mwanaume asiyemjua. Na mimi mkwe wake ndiyo kabisa. Nilivyolelewa, mama mkwe humpi mkono, huli naye, na mkikutana njiani unatoka pembeni unasalimia ukiwa umeinamisha macho. Kumbeba kwenye keria, ameshika shati lako, watu wanaona? Haikuwa jambo la kufikiria.

Kwa hiyo aliyembeba alikuwa binti yake, na goti lile. Toka kivukoni, hospitali, hadi Mkuyuni. Mlima wanaupanda kwa miguu, mzee ameshika siti na binti anasukuma.

Ndipo nikasema nitaweka mota.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa vifaa vya mitumba, nitamwita Mzee Athumani. Kwenye kreti moja iliyotoka Ulaya alikuta magurudumu mawili ya baiskeli yenye mota, na kontrola mbili. Karatasi zake zilikuwa za Kijerumani, hakuna aliyezisoma. Nikabeba betri kwenda dukani kwake nikazipima moja moja.

Mota ya kwanza ilikuwa pana na nyembamba kama sahani, haina gia. Koili zake zilikuwa za waya mnene, mizunguko michache. Mota ya namna hiyo inapenda mbio. Ukiiwasha hewani inavuma mpaka unarudisha kichwa nyuma.

Ya pili ilikuwa ndogo, ina gia ndani, inazunguka taratibu na kukoroma. Nilijaribu kuisimamisha kwa kiganja, nikashindwa.

Kontrola moja ilikuwa kubwa, nzito, ina mapezi ya kupoozea joto, inapitisha umeme mwingi. Nyingine ilikuwa ndogo, safi, ina taa tatu za kuonyesha betri imebaki kiasi gani. Hiyo ilipitisha kama nusu ya umeme wa ile kubwa.

Mzee Athumani aliniuliza, "Fundi, baiskeli itabeba nini?"

"Mke wangu tu. Kilo sitini."

"Unakaa juu kule kwenye mawe. Chukua hii ya gia. Ina mwendo wa kobe lakini mlima haiuogopi."

"Mzee, hiyo ni ya kusagia mahindi."

Akacheka, akanifungia nilichotaka. Mota ya mbio na kontrola ya taa tatu.

Wakuu, mnaojua umeme mmeshaona. Mota ya mbio ikipandishwa mlima kwa mwendo mdogo inakula umeme mwingi sana na nguvu inayotoa ni kidogo. Inataka kontrola ya kuihimili. Mimi nikaipa ile dhaifu. Kama ningechukua mota ya gia, hata kontrola ndogo ingetosha. Mambo haya niliyajua. Lakini nilikuwa nimetolewa kazini, natembea Mkuyuni nahisi kila mtu ananionea huruma, na nilitaka wanione napita kasi.

Nilivyokuwa nafunga spoku nyumbani, Mama Kulwa alisimama mlangoni akaniuliza swali moja tu.

"Itapanda na mama?"

Nikamjibu, "Itapanda hata na ng'ombe."

Alicheka, akaingia ndani kupika. Aliniamini.

Nikaweka betri mbili za pikipiki kwenye boksi mbele ya siti, volti ishirini na nne, nikavuta nyaya. Nikaenda kuijaribu barabara ya Butimba. Wanachuo wa ualimu walisimama kandokando wakipiga miluzi. Sikuwahi kujisikia hivyo tangu nitoke kiwandani.

Nikaendelea kuijaribu wiki tatu. Hapo ndipo niliposahihishwa, nilikuwa nimeandika wiki mbili. Wiki tatu zote baiskeli ilikuwa yake na nilikuwa naendesha mimi, na yeye anakwenda shuleni kwa miguu.

Nyumbani nilikuwa napanda nayo vizuri. Ila nilikuwa naanza kukimbiza kutoka mbali barabarani, nafika chini ya mlima nikiwa na kasi, na kasi hiyo inanipeleka nusu ya njia. Peke yangu, bila mtu kwenye keria. Nikahesabu kwamba mota imepanda.

Siku ya kliniki ikafika. Mama Kulwa akachukua baiskeli kwa mara ya kwanza, akaenda kumpokea mama yake kivukoni, wakapitia hospitali. Mchana nikawaona wanakuja. Mama mkwe amekaa upande, amejifunika khanga, mkono mmoja ameshika kifurushi na mwingine kiuno cha binti yake. Wote wawili wanacheka. Kwenye tambarare mota ilikuwa haina neno.

Nikatoka kibandani, nikasogea pembeni, nikasalimia kwa kuinama. Wakapita.

Mtu aliyebeba mama yake hawezi kukimbiza baiskeli ili apate kasi. Waliuanza mlima taratibu. Nikasikia mota inanguruma kwa sauti nzito, halafu inagugumia, halafu kimya. Kontrola ilikuwa imepata moto, imejizima.

Baiskeli ikaanza kurudi nyuma.

Mama Kulwa akatupa mguu chini kuizuia. Ulikuwa mguu wa kulia. Nilimwona uso ulivyobadilika, lakini hakuiachia. Mama yake akateleza polepole kutoka kwenye keria mpaka akasimama, kifurushi kikaanguka.

Mimi nilikuwa hatua kama ishirini nyuma yao.

Ningekimbia kushika keria, mkono wangu ungekuwa pale alipokaa mama mkwe. Nikasimama. Mwanamke aliyekuwa anauza nyanya ndiye aliyeacha meza yake akaenda kushika baiskeli. Pale kwenye vibanda mtu mmoja akasema mgao wa umeme sasa umefika hadi kwenye baiskeli, wakacheka. Ulikuwa utani mzuri, siku nyingine hata mimi ningecheka.

Wakapanda. Mama mkwe anashikilia mawe ya kando ya njia, maana alikuwa haoni vizuri pa kukanyaga. Mke wangu anachechemea na kusukuma baiskeli iliyozidi uzito kwa sababu ya mota yangu na betri zangu. Mimi nafuata nyuma, kwa umbali unaotakiwa na heshima, mikono mitupu.

Jioni mama mkwe alimtuma binti yake aniambie: mashine ya Baba Kulwa ni nzuri, ila yeye ndiye mzito.

Alikuwa mwembamba kuliko mke wangu.

Mwezi uliofuata hakuvuka. Alituma salamu kwamba macho ni mazima. Mwezi mwingine vilevile. Tulijua anamhurumia binti yake, ambaye goti lilikuwa limevimba hadi anafundisha amekaa. Nilirudi kwa Mzee Athumani kutafuta ile mota ya gia. Ilikuwa imeshachukuliwa, pamoja na kontrola kubwa.

Alipokuja kuvuka tena, jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Daktari alisema matone yalikatika.

Mke wangu hakuwahi kunilaumu kwa neno hata moja.

Nikaing'oa mota. Nikamwomba shemeji yangu aniombee ruhusa kwa mama yake kwa taratibu zetu, nikapeleka khanga na mbuzi, kwamba naomba niwe namchukua mimi. Niliogopa ataona namvunjia heshima. Nikavuka Kamanga mwenyewe, nikakaa nje ya nyumba yake nikisubiri jibu.

Akatoka mwenyewe, akipapasa ukuta. Kwa mara ya kwanza alinisemesha bila kupitia kwa mtu.

"Siku ile nilikusikia unahema nyuma yetu. Nikajua huyu anataka kusukuma."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Ningekuita. Na mimi niliona aibu."

Kisha akaniuliza kivuko kinaondoka saa ngapi.

Tangu mwezi ule nilimchukua mimi. Baiskeli ya kawaida, cheni na pedali. Mlimani nashuka, yeye anabaki amekaa kwenye keria, nasukuma. Mwanzoni alishika siti. Baadaye alizoea akawa anashika bega langu, ananiambia nisikimbie. Watu waliangalia mwezi wa kwanza na wa pili, halafu wakaacha. Jicho la kulia alibaki nalo mpaka Mungu alipomchukua, na alikuwa akiwatambua wajukuu zake wakiwa bado mlangoni.

La kushoto bado nalihesabu kuwa langu.

Kwa hiyo wakuu, kabla hamjabishana volti: pima uzito wa baiskeli ikiwa imebeba wale itakaowabeba kweli, si wewe peke yako. Kama kwenu ni mlima, chagua mota ya mwendo mdogo, na kontrola inayoweza kuilisha ikiwa imeelemewa. Ijaribu mlimani kuanzia kusimama, bila kukimbiza, na mzigo nyuma. Na mwenye baiskeli aendeshe yeye kwanza.

Mafundi mnaozifunga siku hizi, nirekebisheni kwenye namba, vitu vimebadilika. Na kama yupo humu aliyewahi kumbeba mama mkwe, aseme alianzaje. Mimi nilichelewa.