Nimesuuza oligo zote, na kisima cha mtaa wetu bado kimefungwa

Wakuu, asalaam aleikum. Haya ni ya wiki hii, sijaongeza chumvi. Mkitaka kucheka chekeni, aibu ninayo mimi.

Nafanya kazi maabara moja hapa Palma. Mtaani kwetu watu walianza kuharisha, kisima kikafungwa mpaka tupime kama maji yana kipindupindu. Kina mama sasa wanafuata maji mbali, kwa miguu, juani. Mama mdogo wangu akiwemo.

Kipimo chenyewe ni PCR, na PCR haiendi bila oligo.

Kwa asiyejua: oligo ni kipande kifupi cha DNA, herufi ishirini hivi, kinatengenezwa kiwandani kwa oda. Ukikitia kwenye sampuli, kinatafuta sehemu ya DNA ya mdudu inayolingana nacho, kinanasa, halafu mashine inatoa nakala kuanzia hapo. Bila oligo mashine inapasha moto bure tu.

Sisi tulizoea kuletewa za maji, tayari kwa kazi. Safari hii zikaja kavu. Nafungua kifurushi, vichupa vidogo, ndani sioni kitu. Nikajua hivi ni vya kuchanganyia, dawa yenyewe iko njiani.

Sasa mimi nimelelewa na bibi. Kwetu chombo kigeni hakitumiki mpaka kisuuzwe, hata kiwe kinang'aa vipi. Nikavisuuza vyote, nikavipindua vikauke. Tena nikajisifu moyoni, jamani!

Chefe wangu, yaani bosi, akaja, akauliza, "Oligo ziko wapi?"

Nikamwonyesha vichupa. Akakaa chini.

"Epá! Zilikuwa humo humo. Ni utando mwembamba, kwa macho huuoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Oda nyingine inatoka nje ya nchi.

Jioni nafika nyumbani, Mama mdogo huyo mlangoni, ndoo kichwani. "Mwanangu, nimekuletea maji uoge. Unahangaika sana na kisima chetu."

Nikamwambia yote hapo hapo, macho chini. Hakunigombeza. Akauliza tu, "Kwa hiyo tuendelee kwenda kule?"

Nikasema ndiyo.

Akaitua ndoo, akaniachia, akaenda zake.

Wakuu wa maabara, kichupa kikija kikavu someni lebo kwanza, msijifanye mnajua kama mimi.

Ndoo bado ipo mlangoni, sijaigusa. Nyie mngeoga?